Fundi Anajibu: Mnara wa saa wa askari wa Keya umechakaa, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ndogo katika mji mdogo wa mashariki mwa Uganda, si mbali na barabara ya Tororo kwenda Mbale. Katikati ya mji, pale penye stegi ya boda, tuna mnara wa saa wa matofali wenye nyuso nne. Kwenye kitako chake kuna bamba la marumaru na bamba la shaba, yote mawili yakiwa na majina ya askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliokufa katika vita viwili vya dunia. Saa imesimama tangu kabla sijazaliwa. Plasta inabanduka na mtini mwitu umeota juu ya paa. Sasa mfanyabiashara mmoja amejitolea kuufunika mnara kwa vigae na kuupaka rangi, mradi nembo ya duka lake iwekwe. Mkandarasi naye anasema sehemu ya juu ibomolewe, ijengwe upya kwa zege. Wazee wanapinga yote mawili. Tuanzie wapi? *(Katibu wa kamati)*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni chini, kwenye majina. Najua macho ya watu wote yako juu kwenye saa, na mwanasiasa atakayekuja kuzindua atataka kupigwa picha mishale ikitembea. Lakini huo mnara ulijengwa kwa ajili ya watu. Saa iliwekwa ili wapita njia wainue macho, na anayeinua macho ayaone na majina. Mnara wa saa wa Kampala ulijengwa kwa ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1954, mwaka ule aliofungua bwawa la Owen Falls. Ule ulikuwa wa mgeni. Wa kwenu ni wa marehemu, na marehemu hawafunikwi kwa vigae vya bafuni.

Kwa hiyo kabla fundi yeyote hajapandisha jukwaa, nakilini mabamba yote. Pigeni picha saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, maana mwanga wa pembeni hutoa herufi ambazo mchana hazionekani kabisa. Kisha chukueni karatasi nyembamba, mwiweke juu ya bamba, mpake mkaa au nta taratibu mpaka herufi zijitokeze. Wapeni kazi hiyo wanafunzi wa sekondari, na mwalimu wa historia awasimamie. Andikeni kila jina kama lilivyochongwa, hata kama mnaona karani wa enzi zile alilikosea. Nakala moja ibaki halmashauri ya mji, nyingine shuleni, nyingine msikitini au kanisani. Mabamba ya shaba yanaibwa nchi nzima na kuuzwa kwa wanunuzi wa skrepa, na likiisha kuyeyushwa, jina la mtu limekwenda nalo.

Hapo ndipo mgeukie usafi. Marumaru huoshwa kwa maji safi, brashi laini na sabuni isiyo kali, basi. Msitie ndimu, msitie siki, msitie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe wala ile ya kusafishia choo. Asidi na dawa kali huharibu marumaru, na kila mnapoisugua mnapunguza kina cha herufi. Shaba nayo msiipige msasa ili ing'ae. Ule weusi na ukijani wa juu mara nyingi ndio ngozi inayoilinda. Ioshwe, ikaushwe vizuri, ipakwe nta nyembamba na kufutwa kwa kitambaa. Skrubu zake zikilegea, wekeni zile ambazo bisibisi ya kawaida haiwezi kuzifungua.

Sasa vigae. Mkatalieni huyo mfanyabiashara kwa heshima, maana nia yake ni njema na pesa yake mtaihitaji. Mwambieni sababu: mnara wa matofali ya zamani hupumua. Maji ya mvua huingia kidogo na kutoka kidogo kupitia viungo vya chokaa. Ukiufunika kwa vigae au plasta ya saruji, maji yataingia kwenye nyufa zisizoonekana na kukosa pa kutokea, halafu tofali lenyewe litaanza kumeguka kwa ndani huku uso wa nje unang'aa. Nimeona majengo yaliyokufa hivyo, moja likiwa shule. Mpeni heshima nyingine: jina lake liandikwe kwenye orodha ya wafadhili, kwenye kibao kidogo kando ya bustani. Asiandikwe kwenye kuta zinazobeba majina ya wafu.

Ili mjue mna chokaa au saruji, chukueni msumari mkwaruze kiungo kati ya tofali na tofali. Kikitoka unga kwa urahisi, yaelekea ni chokaa. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza miaka ya 1950. Kabla ya hapo saruji ilitoka ng'ambo kwa meli na reli, kwa hiyo chokaa ilitumika sana. Bahati yenu ni kwamba mwamba wa chokaa uko jirani, hapo hapo Tororo. Chokaa ya kuzimwa, sehemu moja, mchanga safi wa mtoni, sehemu tatu. Ukwanguliwe ule udongo uliolegea kwenye viungo kwa kina cha vidole viwili, vumbi lifagiliwe, matofali yalowanishwe, ndipo chokaa ijazwe. Funikeni kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka haraka juani haishiki. Na fundi avae miwani. Chokaa mbichi ikiingia jichoni inaweza kulipofua.

Huo mtini msiung'oe kwa nguvu. Mizizi yake imeshika matofali, na ukiuvuta utaondoka na kona ya mnara. Kateni shina, pakeni dawa ya kuua kisiki pale pale kwenye jeraha, mwache mizizi ife, kisha mtoe kipande kwa kipande huku mkijaza mashimo.

Kuhusu kubomoa sehemu ya juu, simwamini mkandarasi anayetoa hukumu kabla ya kupima. Mwambieni apande na nyundo ndogo, agonge kila mahali. Panapolia kama debe tupu ndipo palipoachana. Kama kuna mkanda wa zege juu, atazame nyufa zinazofuata mstari wa nondo. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa kuliko ukubwa wake wa awali na kuipasua zege kutoka ndani. Hapo hukatwa zege iliyooza, nondo husuguliwa mpaka chuma cheupe kionekane, hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha hujazwa upya. Ni kazi ya wiki kadhaa kwa mafundi wachache, na mnara unabaki ule ule.

Jambo la mwisho kwako, katibu: andikeni barua mapema kwa Idara ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu, ofisi zake ziko Uganda Museum, barabara ya Kira, Kampala. Nchi yetu imekuwa na sheria ya kulinda mambo ya kale tangu 1967, na mwaka 2023 ikapatikana mpya. Barua hiyo itawapa ushauri, na itawapa ngao siku atakapotokea mtu anayekitaka kile kiwanja kwa ajili ya duka la ghorofa.

SWALI: Mzee, ndani ya mnara tumekuta mashine yenyewe, chuma na shaba, imejaa kinyesi cha popo na cha kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani. Fundi mmoja wa Kampala anasema tuitupe, atuwekee mota za umeme. Mwingine ameshaimwagia oili ya gari. Je, inaweza kufufuka? *(Katibu huyo huyo)*

JIBU: Inaweza, na nakusihi usiiruhusu iondoke mjini kwenu. Kwanza, yule mwenye oili ya gari asirudi. Meno ya magurudumu ya saa hayatiwi mafuta. Mafuta hutiwa tone dogo kwenye ncha za mhimili zinapozungukia, na pale kwenye kile kishikio kinachoachia jino moja moja. Ukimwaga oili kila mahali, vumbi linanasa, vumbi na mafuta vinakuwa msasa, na msasa unakula shaba. Na kabla ya kugusa kile kinyesi, kilowanisheni kwa maji, mvae barakoa nzuri na glavu. Vumbi lake kavu lina kuvu wanaoshambulia mapafu.

Mashine ya namna hii ni jambo la kupendeza sana kulielewa. Kuna mzigo wa chuma unaoning'inia kwenye waya. Unashuka polepole, na kushuka kwake ndiyo nguvu yote ya saa. Nguvu hiyo ingemalizika kwa kishindo, lakini pendulamu inaizuia: kila ikienda upande mmoja inaachia jino moja, ikirudi inaachia jingine. Kutoka hapo mhimili unapanda mpaka katikati ya mnara, unagawanyika kwa gia nne, kila gia na uso wake wa saa. Ndiyo maana nyuso nne zinakubaliana. Mkikuta uso mmoja unasema vingine, kosa liko kwenye skrubu ya uso huo, si kwenye mashine.

Muondoe mzigo kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote. Waya wa zamani umeoza, na mzigo wa saa ya mnara unaweza kumuua mtu akiwa chini yake. Wekeni waya mpya wa chuma, na chini kabisa jengeni sanduku la mchanga la kuupokea siku ukikatika.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hapa kwetu hawaambiwi. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa Uingereza ikiletwa Uganda itachelewa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa yake kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Haikuharibika. Mvuto wa dunia ni hafifu zaidi karibu na ikweta, kwa hiyo pendulamu inayumba polepole zaidi. Kwetu sisi, tulio karibu na ikweta na tena juu ya nyanda za zaidi ya mita 1,000, tofauti na London ni zaidi ya dakika mbili kwa siku. Dawa yake ni ndogo: pendulamu ya urefu wa karibu mita moja, ile inayogonga kila sekunde, inafupishwa kwa takriban milimita tatu na nusu tu. Kuna nati chini ya kile kisahani kizito. Ikiinuliwa, saa inakwenda mbio, ikiteremshwa, inapoa. Kwa hiyo fundi akikuambia mashine imechoka kwa sababu inachelewa, muulize kama ameigusa hiyo nati.

Joto nalo lina neno lake. Fimbo ya chuma hurefuka kwa joto, na nyuzi 10 za Selsiasi zinatosha kuichelewesha saa sekunde tano hivi kwa siku. Fimbo ya mbao kavu iliyopakwa vanishi hutulia zaidi. Ile saa kubwa ya London wanayoiita Big Ben wanairekebisha kwa kuweka senti za zamani juu ya pendulamu: senti moja inaiharakisha sehemu nne za kumi za sekunde kwa siku. Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa sarafu zetu, mradi aandikwe aliyeiweka na tarehe.

Jino likivunjika, msikate tamaa. Katwe, pale Kampala, kuna vijana wa mashine za kukereza wanaochonga gia za vinu vya posho kila siku. Mpelekeeni jino lililo zima alione, na umpe shaba, asichonge chuma cha pua.

Siukatai umeme kwa ukaidi. Mota za siku hizi zina kifaa kinachokumbuka saa umeme unapokatika na kuisogeza mishale unaporudi. Mkiwa hamna mtu wa kupanda mnarani kila wiki, basi mota ni afadhali kuliko saa iliyokufa. Lakini iwekwe bila kukata kitu cha zamani, na mashine ya zamani isafishwe na kuwekwe mahali pa watoto kuiona. Fundi aliyenifunza kazi hii Jinja alikuwa Mhindi mwenye duka la saa. Baada ya tangazo la Idi Amin la Agosti 1972 la kuwafukuza Waasia, alipewa, kama wenzake, siku 90 za kuondoka. Minara mingi ya nchi hii haikusimama kwa kuharibika. Ilisimama kwa sababu walioshika funguo waliondoka na hakuna aliyewahi kufundishwa baada yao. Hicho ndicho kinachoniuma nikiona mashine nzima inatupwa kwa sababu ya kutu ya juu juu.

SWALI: Salamu mwanangu Fundi. Mimi ni mzee wa miaka themanini na zaidi. Baba yangu mkubwa alichukuliwa vita ya kwanza ya dunia akiwa mpagazi, hakurudi. Mnarani hayumo. Wamo askari tu. Je, wakitengeneza sasa, anaweza kuongezwa? *(Mzee wa mji huo)*

JIBU: Shikamoo Mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Babu yangu mwenyewe alikuwa Keya, kikosi cha nne, kile cha Uganda, na sisi watoto wa Bombo tumekulia Kiswahili cha kambini kwa sababu yake. Yeye alirudi kutoka Burma. Kwa hiyo nakujibu kama mtu ambaye wake alirudi, nikimjibu mtu ambaye wake hakurudi.

Ni kweli waliachwa. Katika ile vita ya 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lililomfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck kupitia Tanganyika na Msumbiji lilibebwa vichwani mwa wapagazi. Barabara hazikuwepo na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara damu na homa kuliko kwa risasi. Mjerumani alisalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na baada ya hapo askari wa Kizungu walipewa kila mmoja jina lake kwenye jiwe. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Baba yako mkubwa huenda ni mmoja wa hao.

Aongezwe. Ila asichongwe kwenye bamba la zamani. Lile bamba ni ushahidi wa jinsi watu wa wakati ule walivyohesabu nani ni mtu wa kukumbukwa, na ushahidi hauchezewi. Liwekwe bamba jipya upande wa pili wa mnara, kwa ukubwa ule ule na kimo kile kile, liwe la wapagazi. Kamati ikae na wazee wa koo kabla hawajaisha, iandike kila jina linalotajwa, jina la baba, kijiji, na aliyelitaja. Kwa majina ya vita ya pili, ile ya Abyssinia, Madagascar na Burma, ambayo Waganda takriban 77,000 waliingia jeshini, Tume hiyo ina orodha kwenye intaneti na kuitafuta ni bure. Wengine waliokufa Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ndani ya makaburi ya Taukkyan, mnara wenye majina karibu 27,000. Mjukuu wako mwenye simu anaweza kuangalia leo jioni. Kwa wapagazi hatapata mengi humo, ndiyo maana kumbukumbu yako wewe, Mzee, ina uzito kuliko orodha. Muite katibu aje na daftari.

SWALI: Kamati inabishana kuhusu kuongeza pia waliokufa vita ya 1979 ya kumng'oa Amin na vita vya baadaye. Wengine wanasema mnara utagawa watu. *(Mjumbe wa kamati)*

JIBU: Hilo si la fundi kuamua, ni la mji wote kukaa chini. Nitasema tu kwamba msilikimbilie kwa sababu kuna mwashi aliyekwisha kulipwa. Acheni upande mmoja wa kitako ukiwa mtupu na safi.

SWALI: Mchoraji wetu wa mabango amesema nambari nne kwenye uso wa saa imekosewa, imeandikwa IIII badala ya IV. Airekebishe? *(Mwalimu wa shule ya msingi)*

JIBU: Asiiguse, mwalimu. Saa nyingi za namba za Kirumi zinaandikwa hivyo tangu zamani, mafundi walipenda ziwiane uzito na VIII ya upande wa pili. Apake rangi nyeusi juu ya mistari ile ile, na asiongeze kivuli wala mapambo. Vioo vilivyovunjika, kama ni vile vyeupe kama maziwa, wekeni karatasi ngumu ya akriliki ya rangi hiyo, ni nyepesi na haimwangukii mtu vipande.

SWALI: Sisi wa stegi ya boda ndio tuko chini ya mnara kuanzia alfajiri. Halmashauri haijawahi kututuma. Nani atatunza hii saa baada ya sherehe? *(Mwenyekiti wa stegi)*

JIBU: Swali lako, mwenyekiti, ningependa lingeulizwa la kwanza. Saa za minara nyingi huhitaji ufunguo mara moja kwa wiki. Mpande kila Jumatatu asubuhi, mtie ufunguo, mlinganishe na redio, mwandike kwenye daftari linalokaa humo humo mnarani saa imechelewa au imekimbia kiasi gani. Madirisha ya juu yafungwe kwa wavu ili kaloli na popo wasirudi, lakini hewa ipite. Kila mwanzo wa mvua mkague mifereji ya paa na waya wa radi, maana nchi yetu inapigwa na radi sana na ule waya wa shaba ndio wa kwanza kuibwa.

Nyinyi wa stegi mnafaa kuliko mtu yeyote, kwa sababu mpo. Chagueni vijana wawili, wafundishwe wakati mashine inapofunguliwa na si baada ya kufungwa, washike kila gurudumu kwa mikono yao. Ufunguo mmoja ukae kwenu, mwingine kwa karani wa mji. Lakini msikubali kazi hiyo iwe ya kujitolea. Vijana hao walipwe kila mwezi, na fungu lao liingizwe kwenye bajeti ya halmashauri kabla ya nguzo ya kwanza ya jukwaa kusimamishwa. Wakikataa kuliingiza, niandikie tena, nami nitamjibu karani wa mji kwenye ukurasa huu huu.